Rangi ya Mnunuzi wa Pili

Februari 2008, kwenye maonyesho ya magari ya Chicago, kampuni ya Dodge iliirudisha Challenger, gari ambalo wazee wengi wa Marekani walilitamani ujanani mwao. Wachoraji wa umbo jipya walikuwa wamelifuata lile la 1970 kwa uaminifu: pua pana, taa nne za mviringo, mabega yaliyotuna juu ya magurudumu ya nyuma. Kwenye rangi hawakufuata. Mteja wa 1970 aliwekewa mezani kadi yenye rangi zaidi ya dazeni moja, zikiwemo zambarau iliyokolea, kijani cha ndimu, chungwa la kuumiza macho na, kwa muda mfupi, waridi kali. Mteja wa 2008 alipewa tatu: chungwa, fedha na nyeusi.

Watetezi wa Dodge wana jibu. Zambarau ilirudi miaka miwili baadaye, na kabla gari hilo halijastaafu rangi nyingine za zamani zilikuwa zimefuata. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba Challenger ya mwisho kutoka kiwanda cha Brampton, Kanada, Desemba 2023, ilikuwa nyeusi tii. Na hilo ni gari la mashabiki. Kwa magari ya kawaida, ripoti zinazotolewa kila mwaka na watengenezaji wa rangi zinaonyesha kuwa duniani karibu magari mapya 8 kati ya 10 ni meupe, meusi, ya kijivu au ya fedha. Babu zetu, ambao picha zao tunazijua kwa nyeusi na nyeupe, waliishi na magari yenye rangi nyingi kuliko sisi tunaopiga picha za rangi kwa simu.

Mambo yamefikaje hapa? Teknolojia haikurudi nyuma, wala viwanda havikuishiwa rangi. Kilichobadilika ni mtu anayefikiriwa wakati rangi inachaguliwa.

Wengi husimulia habari hii kuanzia kwa Henry Ford na weusi wake, na hapo hapo wanateleza. Model T ilipoingia sokoni Oktoba 1908 haikuwa nyeusi. Ilitoka nyekundu, kijivu na kijani, kisha kijani kilichokaribia weusi, kisha bluu ya usiku. Weusi mtupu ulianza mwaka 1914, baada ya kiwanda cha Highland Park kuanza kuunganisha magari kwenye mkanda unaotembea, ukaendelea hadi 1925. Ile kauli mashuhuri ya Ford, kwamba mteja yuko huru kuchagua rangi mradi iwe nyeusi, ilichapishwa mwaka 1922 katika kitabu cha maisha yake, akidai aliitamka mwaka 1909. Mwaka 1909 asingeweza kuitimiza hata angetaka.

Nyeusi ilishinda kwa hesabu za fedha. Ilitengenezwa kwa lami asilia iliyoyeyushwa katika mafuta, ilikuwa rahisi kwa bei, na ilivumilia jua na tope kuliko rangi nyingi za wakati ule. Madigadi yalichovywa kwenye pipa na kuokwa tanurini. Bodi ilimwagiwa rangi ikateremka yenyewe kwa uzito wake. Hata hivyo waliopekua nyaraka za kiwanda wamekuta kwamba Ford alitumia aina zaidi ya 30 za nyeusi, nyingine ya kuchovya, nyingine ya kupaka kwa brashi, nyingine ya kukauka kwa hewa, kila moja kwa sehemu yake ya gari. Jicho la mteja liliona nyeusi moja.

Matajiri hawakuwa na shida hiyo. Gari la kifahari la mwaka 1915 lilipakwa kama magari ya farasi yalivyopakwa: vanishi ya mafuta, kwa brashi, tabaka juu ya tabaka. Fundi anapaka, anasubiri likauke, anasugua kwa unga wa jiwe, anapaka tena. Kazi hiyo ilikula wiki kadhaa. Kiwanda kilichotaka kuuza magari mengi yenye rangi nzuri kilihitaji mabanda makubwa ya kuyaweka yakisubiri kukauka, na kila gari lililokaa bandani lilikuwa fedha iliyolala. Ndiyo maana hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920 kulikuwa na magari ya aina mbili: jeusi la bei rahisi na la rangi la bei ghali.

Aliyevunja ukuta huo hakuwa mtu wa magari. Kampuni ya DuPont ilikuwa imetajirika kwa baruti wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Malighafi yake kubwa ilikuwa pamba iliyotiwa asidi, ambayo ukiifanya hivi inakuwa kilipuzi na ukiifanya vile inakuwa filamu ya sinema. Vita vilipokwisha, wakemia wake walikaa na viwanda vikubwa na soko dogo. Mwaka 1920, katika maabara ya filamu huko Parlin, New Jersey, mchanganyiko mzito uliosahaulika kwenye joto uligeuka maji mazito kama sharubati. Umajimaji huo ungeweza kubeba rangi nyingi na bado ukapita kwenye tundu la mashine ya kupulizia. Rangi iliyozaliwa hapo waliiita Duco. Ilikauka kwa saa, siyo kwa wiki. Rangi za kucha zinazouzwa leo kwenye saluni ni za ukoo huohuo.

DuPont ilikuwa na hisa nyingi katika General Motors, na mkuu wa utafiti wa GM, Charles Kettering, alikuwa amechoka kuambiwa na wapaka rangi kwamba kazi yao haiwezi kuharakishwa. Kuna kisa kinachosimuliwa mpaka leo, kwamba Kettering alikula chakula cha mchana na mmoja wao, na walipotoka nje mgeni akashindwa kulitambua gari lake, kwa kuwa lilikuwa limepakwa rangi nyingine wakati wanakula. Sioni sababu ya kukiamini kila neno, ila kinaeleza vizuri mshangao wa wakati ule. Gari la kwanza kuuzwa na rangi hiyo lilikuwa Oakland la GM la mwaka 1924, la bluu, gari la tabaka la kati ambalo miaka mitano kabla lingekuwa jeusi au la rangi iliyopauka kabla ya deni kwisha.

Baada ya hapo mambo yalienda mbio. Alfred Sloan, bosi wa GM, aliona kwamba Mmarekani ambaye tayari ana gari atanunua jingine kama la zamani litaonekana limepitwa. Mwaka 1927 alianzisha idara ya sanaa na rangi na kumkabidhi Harley Earl, kijana wa Hollywood aliyekuwa akiwatengenezea waigizaji magari ya kifahari. Ford alirudisha rangi kwenye Model T mwaka 1926, kijani na damu ya mzee, lakini alikuwa amechelewa. Mwaka uliofuata gari hilo lilisimamishwa baada ya kuuzwa zaidi ya milioni 15, na mrithi wake, Model A, alizaliwa na rangi tangu siku ya kwanza. Kwa maoni yangu hapo ndipo rangi ya gari ilipokuwa hoja ya matamanio: kiwanda kikimuuliza mteja unapenda nini, na kumtia aibu kidogo kwa alichopenda mwaka jana.

Miaka ya 1930 ilikuwa ya kiza, kwa uchumi na kwa rangi, ingawa ndipo zilipoanza kuonekana rangi za kumetameta zilizopata mng'ao wake kutoka kwenye magamba ya samaki. Kisha ikaja vita, na mwaka 1942 viwanda vya Marekani vikaacha kabisa kutengeneza magari ya raia.

Kilichofuata baada ya vita kilikuwa karamu. Chevrolet Bel Air ya 1955 ilitoka na rangi mbili kwenye bodi moja: bluu bahari chini, nyeupe juu, au rangi ya dafu na krimu. Mwaka huohuo Elvis Presley alikuwa na Cadillac ya waridi. Dodge, kampuni ileile ya Challenger, ilitoa gari liitwalo La Femme, la waridi na nyeupe, likiwa na mkoba, kioo, kijaluba cha lipstiki na mwavuli wa kitambaa cha kufanana na viti. Wanaume waliolibuni waliamini wanajua wanawake wanataka nini. Wanawake hawakulinunua, na baada ya 1956 likafa.

Rangi ilikuwa pia bendera. Mwaka 1903 mashindano ya Gordon Bennett yalifanyika Ireland, kwa kuwa England haikuruhusu mbio kwenye barabara za umma, na magari ya Kiingereza ya Napier yakapakwa kijani kwa heshima ya wenyeji. Kijani hicho kikabaki cha Uingereza. Waitaliano walichukua nyekundu, Wafaransa bluu, Wajerumani nyeupe na baadaye fedha. Huku kwetu picha iliyoganda vichwani mwa mashabiki wa Safari Rally ni Datsun 240Z, bodi nyekundu na boneti nyeusi, iliyoshinda mwaka 1971 na 1973. Ule weusi ulikuwa na kazi yake: kuzuia mwanga wa jua usiruke kutoka kwenye boneti ukamwingia dereva machoni. Ila vijana waliopaka boneti za magari ya baba zao nyeusi hawakuwa wakifikiria jua.

Turudi Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, maana hapa ndipo penye utamu. Wauzaji walikuwa wanamwinda kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye mshahara wa kwanza na mkopo, asiyetaka gari la baba yake. Kuanzia 1969 Dodge na Plymouth, za kampuni moja ya Chrysler, zilitoa rangi zilizolipiwa pesa ya ziada na kupewa majina ya kihuni. Zambarau ya Dodge iliitwa Plum Crazy. Plymouth waliiita hiyohiyo In-Violet. Kulikuwa na Go Mango, Sublime, Top Banana, Panther Pink. Ford hawakubaki nyuma: gari lao dogo la Maverick lilikuja na kijani kilichoitwa Anti-Establish Mint, yaani kupinga serikali kwa ladha ya mnanaa, na dhahabu iliyomtania Sigmund Freud.

Ukali wa machungwa na manjano yale haukuwa wa wino tu. Ulitokana na madini ya risasi yaliyochanganywa na kromiamu, ambayo hufunika bati kwa mkono mmoja na kubaki yanawaka. Ni sumu. Kadiri sheria za afya zilivyokaza, viwanda viliacha risasi, na vibadala vyake vya mwanzo vilikuwa ghali zaidi na havikufunika vizuri. Bima ya magari yenye injini kubwa nayo ilipanda mpaka kijana akashindwa. Mwaka 1973 bei ya mafuta ikaruka, na ghafla gari la zambarau lenye injini ya lita saba likaonekana kama mtu aliyekuja msibani na mavazi ya harusi.

Miaka iliyosalia ya 1970 ilikuwa ya udongo: hudhurungi, haradali, kijani cha zeituni, krimu. Watu huzicheka rangi hizo. Mimi nazionea huruma, kwa sababu zilikuwa bado ni rangi. Peugeot 504 ya hudhurungi iliyoegeshwa kando ya nyumba ya mwalimu mkuu ilikuwa na heshima ambayo kijivu cha leo hakijaifikia.

Katika miaka ya 1980 viwanda vilihamia utaratibu wa tabaka mbili: rangi nyembamba chini, na juu yake vanishi ngumu isiyo na rangi. Gari likang'aa miaka kumi bila kupigwa nta. Chembe za alumini zikapata makazi salama chini ya vanishi, na fedha ikaanza kupanda. Kufika mwaka 2000 ilikuwa inaongoza dunia, ikisaidiwa na enzi ya kompyuta na simu zilizoifanya rangi ya bati ionekane ya kesho. Baada ya kama miaka kumi nyeupe ikaipita, na haijatolewa kileleni tangu hapo.

Nyeupe inayotuhusu sisi ilianzia mahali pengine. Mwaka 1967 Toyota ilikuwa na tatizo Japani: gari lake kubwa, Crown, lilijulikana kama gari jeusi la wakubwa na la teksi, na mtu wa kawaida aliona haya kulinunua. Kampuni ikaendesha kampeni nzima kuhusu Crown nyeupe. Ilifaulu. Katika miaka ya 1980 ikaja nyeupe safi zaidi kwenye Mark II, Chaser na Cresta, na wakati uchumi wa Japani uliponona mitaa ya Tokyo ilijaa magari meupe ya watu waliojiona wamefika. Mjapani alijifunza jambo jingine pia: akipeleka gari jeupe au jeusi kulibadilisha na jipya, anapewa bei nzuri kuliko mwenye la kijani. Nyeupe ya lulu ilitozwa pesa ya ziada gari likiwa jipya, na mnunuzi aliitoa bila kinyongo akijua itarudi siku ya kuuza.

Magari hayo ndiyo yaliyoshushwa kwenye bandari za Dar es Salaam na Mombasa kuanzia miaka ya 1990, na ndiyo yanayoshushwa hadi leo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo waagizaji wengi hukaa karibu na ukomo huo ambako bei ni nafuu. Maana yake, rangi anayoisifu jirani yako ilichaguliwa miaka saba iliyopita, Nagoya au Osaka, na mtu aliyekuwa anawaza dalali wake. Sisi ni mnunuzi wa pili au wa tatu, aliyefikiriwa kabla hajajulikana.

Na tumekubali, kwa sababu zetu. Gari jeupe halifyonzi joto kama jeusi likiachwa juani Kariakoo saa nane mchana. Halionyeshi vumbi haraka. Na kuna jambo la gereji. Fundi rangi akiletewa Toyota iliyochubuka mlango, kwanza hufungua boneti au mlango wa dereva akatafuta kibati chenye herufi C/TR. Akikuta 040, roho inatulia: ni nyeupe kavu, puti, msasa, praima, mikono miwili ya rangi, kazi imekwisha. Akikuta 1F7 ni fedha, na hapo lazima achunge presha ya kompresa na umbali wa mkono wake, maana chembe za alumini zikilala vibaya mlango utaonekana umetolewa kwenye gari jingine. Akikuta 070 anapandisha bei. Hiyo ni nyeupe ya lulu, yenye tabaka tatu: nyeupe chini, unga wa kumetameta katikati, vanishi juu. Akizidisha mkono mmoja wa katikati, mlango unageuka wa manjano kidogo, na mteja ataugundua jioni, jua likiwa la ubavu.

Kwa hiyo nyeupe hizi na nyeusi hizi zinazoonekana za kivivu zina ufundi mwingi kuliko zambarau ya 1970. Dunia ililiona hilo Machi 2011. Tetemeko na tsunami ya Japani vilisimamisha kiwanda cha kampuni ya Kijerumani ya Merck kilichoko Onahama, si mbali na mtambo wa nyuklia wa Fukushima. Ndicho peke yake duniani kilichotengeneza Xirallic, unga wa vibamba vidogo vya oksidi ya alumini unaoipa rangi mng'ao wa kioo. Ndani ya wiki chache Ford iliwaambia wauzaji wake Marekani waache kuagiza nyeusi moja iliyopendwa, Tuxedo Black, na kupunguza baadhi ya nyekundu. Chrysler ilibana oda za rangi kumi. Mwaka 1914 weusi ulikuwa lami na mafuta; mwaka 2011 ulitegemea jengo moja kando ya Bahari ya Pasifiki.

Mafundi wa rangi wa leo wanaweza kutengeneza karibu rangi yoyote. Anayewazuia ni karani wa oda. Marekani, magari mengi hununuliwa yakiwa tayari yamepangwa uwanjani kwa muuzaji, na muuzaji huagiza yale ambayo hakuna atakayeyakataa, hata kama hakuna atakayeyapenda. Kampuni za kukodisha hufanya hivyohivyo. Mnunuzi binafsi naye akiingia ana sauti kichwani inayomuuliza utamuuzia nani. Cha kuchekesha ni kwamba uchambuzi wa bei za magari yaliyotumika nchini humo umeonyesha mara kadhaa kuwa ya njano na ya chungwa hupoteza thamani kidogo kuliko meupe na meusi. Ni machache, na anayeyataka anayataka kweli.

Wengine wamejaribu kuasi. Juni 2023 Fiat ilitangaza kuwa haitatengeneza tena magari ya kijivu, na mkuu wake, Olivier François, akaketi ndani ya gari lililoning'inizwa kwa winchi na kuzamishwa kwenye kopo kubwa la rangi ya chungwa, katika mji wa Lerici, Italia. Ilikuwa sinema nzuri. Upande wa pili, Wajerumani wamekuwa wakiuza kwa bei ghali kijivu kikavu kisichometa, ambacho fundi wetu akikiona mara ya kwanza anaweza kudhani gari limepigwa praima mwenye nalo akaishiwa.

Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wamepata njia ya tatu: stika. Gari linavishwa plastiki nyembamba kutoka boneti hadi buti, kijani cha jeshi, bluu isiyong'aa, hata zambarau ambayo Dodge ya 1970 ingeitambua. Bei yake si ndogo. Ila gari linalopelekwa kuvishwa mara nyingi ni jeupe, na mwenye nalo anapotoa pesa huuliza swali lilelile: ikifika siku ya kuuza, inabanduka bila kuharibu rangi ya chini?